Vicheko vya Alhamisi

Watu walianza kucheka kabla hata taa za ukumbi hazijazimwa. Ilitosha jina kutokea kwenye skrini kubwa, "Nyumbani kwa Kidevu", kwa herufi zile zile za mviringo za zamani, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wanaume wenye vitambi na mvi waliuimba wimbo wa mwanzo kama watoto wa chekechea. Mwanamke mmoja safu ya nyuma alikuwa ameshaanza kujifuta machozi, na filamu yenyewe ilikuwa haijasema neno.

Kitinda alikaa katikati ya mama yake na kaka yake, kifua mbele. Walikuwa wameahidiwa viti vya mbele kabisa, vya familia ya marehemu. Walipofika walikuta vijana waliopendeza wamevikalia na wanajipiga picha. Binti wa mlangoni akawauliza, "Samahani, nyinyi ni akina nani?" Kitinda akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza bisi: "Mimi ni binti yake Kidevu. Huyu ni kaka yangu. Na huyu unayemtazama hivyo ndiye mjane wake." Yule binti alikitazama kitambaa cha kichwani cha mama, akavitazama viatu vyake vya raba, akasema, "Basi tafuteni tu penye nafasi."

Nafasi ilipatikana pembeni, karibu na mlango wa choo. Kitinda alifoka chini kwa chini. Mama akamwambia, "Tulia. Tumekuja kutazama, hatukuja kutazamwa." Kaka alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bisibisi ingali mfukoni mwa shati lake la ufundi umeme. Ni mama aliyembembeleza mpaka akaja.

Marehemu baba yao alikuwa na jina lake, lakini hata barua ya benki ikija watu walisema imekuja barua ya Kidevu. Yeye ndiye aliyekitunga na kukiigiza kile kichekesho cha familia kilichorushwa kila Alhamisi jioni. Mabasi yalikuwa yakipungua barabarani siku hiyo, kwa sababu hata madereva walitaka kuwahi televisheni. Alifariki Kitinda akiwa hajaanza shule. Mtoto huyu, kitinda mimba wa nyumba, alimfahamu baba yake kama wanavyomfahamu watu wote: mwanamume mwenye kidevu kirefu, suruali fupi na sauti ya kuringa, anayeshindwa na mke wake kila wiki. Tofauti yake na watu wote ni kwamba yeye aliweza kusema, "Huyo ni wangu."

Sasa filamu ilikuwa imefika pale palipongojwa na kila mtu. Jiko lilikuwa lile lile, na meza ile ile yenye mguu mbovu. Mwigizaji mpya alisimama katikati, akakichomoza kidevu, akapiga kifua: "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii!"

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Na mke wa kwenye filamu alipogeuka kutoka kwenye sufuria, hakulisema lile jibu peke yake. Alilisema pamoja na mamia ya watu, wazee kwa vijana, na Kitinda akilipiga kelele kuliko wote:

"Mkubwa wa nini? Wa viatu?"

Vicheko vikapasua dari. Kila mtu alijua kinachofuata. Kidevu angevitazama viatu vyake kwa huzuni, angevua kimoja, angechungulia ndani kama anautafuta ukubwa wake humo, kisha angekaa chini akikikumbatia. Na kweli, mwigizaji alivitazama viatu vyake. Watu wakacheka. Akavua kimoja. Wakacheka zaidi. Akachungulia ndani. Kitinda alikuwa ameshika mbavu.

Kisha yule mwanamume akakigeuza kiatu mkononi, kisigino kikatazama mbele, akampiga nacho mke wake usoni.

Vicheko havikukatika mara moja. Vilitangulia, vikajikwaa, vikafa kimoja kimoja. Mtu mmoja mbele aliendelea kucheka peke yake, akaisikia sauti yake mwenyewe, akanyamaza. Kiatu kikanyanyuka tena, kikashuka. Mke hakupiga kelele. Alikuwa anakinga sufuria isimwagike. Mlangoni mwa lile jiko alisimama mvulana mwenye sare ya shule, mkoba mgongoni, anatazama.

Kitinda mdomo ulikuwa wazi na kicheko kingali ndani yake, hakitoki wala hakirudi. Alimgeukia kaka. Kiti cha kaka kilikuwa kitupu. Alimgeukia mama. Mama alikuwa ametulia, mikono mapajani, anatazama kama mtu anayetazama mvua kwenye shamba la jirani.

*

Nje, kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, watu walikuwa wamegawanyika makundi makundi. Wengine walitoka kimya na kwenda zao. Wengine walidai hela zao. "Tumekuja kucheka!" alilalamika baba mmoja aliyekuja na watoto. "Kama ni kupigana, si ningekaa nyumbani?" Halafu akasikia alichokisema, akawashika watoto mikono, akaondoka.

Mwongozaji wa filamu, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, alisimama karibu na bango akijibu maswali. Kitinda aliwapita watu kwa viwiko, akamkamata mkono wa blauzi.

"Baba yangu alikukosea nini?"

"Dada, pole. Najua ni..."

"Usiniambie pole! Ulimjua wewe? Alipokufa ulikuwa umezaliwa? Mtu amewachekesha wazazi wako mpaka wamekuzaa, leo unamvalisha ukatili ili upate jina!"

Simu zilikuwa zimeshainuliwa pande zote. Yule binti alizitazama, akashusha sauti. "Tukio lile sikulitunga peke yangu, dada." Macho yake yakapita juu ya bega la Kitinda, yakaenda kutua mahali nyuma, yakarudi upesi. Kitinda hakugeuka kuona yalitua wapi.

"Mwachie mwenzio nguo yake," ilisema sauti ya mama nyuma yake. "Twende."

"Mama, hujaona walichokifanya?"

"Nimeona. Twende, miguu inaniuma."

*

Asubuhi saluni ilifurika. Hata wasio na nywele za kusuka walikuja. Kitinda hakuwa na haja ya kueleza. Video ya ugomvi ilikuwa imeshafika kabla yake. Ukutani, juu ya kioo, ilikuwapo televisheni iliyokuwa ikionyesha vipindi vya zamani vya Kidevu kutwa kucha, na ndiyo iliyowavuta wateja kuliko hata mkono wa msusi. Siku hiyo aliiongeza sauti.

"Tazameni," alisema, kitana mkononi. "Huyu ni mtu wa kupiga mtu? Tazameni macho yale."

"Hata sisimizi asingemkanyaga," alisema mwalimu mstaafu, mteja wake wa siku nyingi, kichwa kimejaa rola. "Mimi wanangu nimewalea na kipindi hiki. Nikimwona baba yao amenuna, namwambia, hebu kuwa kama Kidevu. Mama yako alibahatika, mwanangu. Wangapi wamepata mume wa hivyo?"

"Marehemu hasemwi," alidakia mwingine. "Anayemsema hana adabu."

"Wamehongwa hao."

Kwenye kiti cha mwisho alikaa mwanamke mmoja mnene, fundi wa kushona mapazia, kichwa ndani ya draya. Yeye hakuchangia. Wakadhani hasikii.

Kaka alifika wakati wa chakula, akasimama kizingitini. Hakuwa na kawaida ya kuingia. Siku zote akija alimwita dada yake nje, na Kitinda alikuwa amezoea kudhani kaka anaona haya na mambo ya wanawake. Akamvuta kando, penye ndoo za maji.

"Redio wamenipigia," Kitinda alisema, macho yanang'aa. "Leo mchana, kipindi kile kinachosikilizwa na kila mtu. Wanataka familia izungumze. Twende wote. Wewe ndiye mwanamume, wewe ndiye mkubwa. Sema tu kwamba ni uongo."

"Sitaenda."

"Kwa nini?"

Kaka alikuwa anauchezea waya mdogo wa shaba, anauviringisha kidoleni na kuufungua. Kutoka ndani vicheko vya kwenye televisheni vilipasuka, na Kitinda akaona bega la kaka yake limeruka, kidogo tu, kama la mtu aliyeguswa na umeme.

"Kaka?"

"Aisifuye mvua imemnyea, dada yangu. Wewe hii mvua unaisifu umekaa dirishani."

"Nini maana yake?"

"Muulize mama."

"Nakuuliza wewe! Ni kweli au si kweli?"

Akautupa ule waya. "Nimesema muulize mama. Na kabla hujamuuliza, usiende huko redioni. Nakuomba." Akaondoka bila kuaga, akatembea haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Angemsikiliza, mambo yangekuwa mengine. Lakini damu ilikuwa imechemka, na nyuma yake saluni nzima ilikuwa inaita: "Kitinda, njoo uone hii, ile ya mwavuli!" Akafikiri: huyu amekuwa na wivu na baba tangu zamani. Aliondoka nyumbani akiwa kijana mdogo kwenda kujifunza ufundi, hakurudi hata likizo, na msibani alisimama mbali. Wivu tu. Akavaa gauni lake la bluu, akaenda.

*

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa godoro. Mtangazaji alimvalisha vipokea sauti, akamsifia gauni, akafungua kipindi kwa kicheko kile kile cha Alhamisi. Kitinda akakisikia ndani kabisa ya masikio yake, na machozi yakamjaa.

Alizungumza vizuri. Alijishangaa mwenyewe. Alisema kuna watu walioshindwa kutunga chao wakaja kuchimbua makaburi. Alisema baba yake alizifundisha nyumba za watu kucheka badala ya kugombana. Simu zikamiminika: pole binti, kaza moyo binti, tupo na wewe. Kisha mtangazaji akainua kidole. "Tunaye mwongozaji wa filamu kwenye simu. Dada, unasemaje?"

"Naiheshimu familia," sauti nyembamba ilisema. "Sina ugomvi na dada. Nasema tu kwamba jiko lile halikutoka kichwani mwangu. Nilisimuliwa na mtu aliyeishi ndani ya nyumba ile."

"Mtu gani? Mtaje!" Kitinda alipiga meza.

"Hajanipa ruhusa ya kumtaja."

"Kwa sababu hayupo! Na kama yupo, basi ni nyoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu amekula chumvi ya marehemu, amekunywa maji yake, anangoja mwenzake ashindwe kujitetea ndipo amvue nguo hadharani!" Aliisogelea maikrofoni. "Nasema hivi, na anisikie popote alipo. Hana haya. Ni mwongo, hana haya, na hiyo pepo anayoingoja hata harufu yake asiisikie!"

Mtangazaji aliacha ukimya kidogo upite, jinsi wanavyojua watangazaji. "Maneno mazito ya binti mwenye uchungu," alisema, akaweka wimbo.

*

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la jiko, sinia la maharagwe mapajani, anachambua. Redio ilikuwa dirishani, ingali inaimba. Kitinda aliingia kama upepo.

"Umenisikia, mama? Nimewapa vidonge vyao!"

"Nimekusikia."

"Mtaa mzima wamenisikia. Muuza mkaa kanisimamisha njiani kunipa mkono."

"Ulizungumza vizuri." Mama alichagua jiwe, akalitupa nje. "Lile la mwisho, la harufu ya pepo. Ulilitoa wapi?"

"Limenitoka tu. Hasira."

"Limetoka zuri. Baba yako angelichukua."

Kitinda akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amesimamisha vidole juu ya maharagwe.

"Ni mimi, mwanangu."

"Ni wewe nini?"

"Huyo asiye na haya. Ni mimi."

Kwanza Kitinda alidhani ni mzaha, mama yake alikuwa na ulimi wa mizaha mikavu. Akatabasamu akingoja sehemu ya pili. Haikuja. Akaona mama yake anamtazama moja kwa moja, bila hasira. Alikaa sakafuni na gauni lake la bluu, mgongo kwenye kabati, kama mzigo ulioteremshwa.

"Yule binti alikuja kuomba ruhusa ya kulitumia jina," mama alisema. "Nikampa. Hata chai hajamaliza, akaniuliza, 'Mama, na wewe ulikuwa unacheka?' Miaka yote hiyo watu wananishika mkono barabarani, wananiambia nimebahatika, nyumba yangu lazima ilikuwa kicheko tupu. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nilicheka. Nikajikuta nazungumza."

"Lakini kwenye kipindi mke ndiye anayeshinda," Kitinda alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtoto. "Kila wiki anamshinda kwa maneno. Mtu anayepiga mkewe angeandika hivyo?"

"Yale maneno unadhani ni ya nani?"

Redio ilikuwa inaimba. Mama akanyoosha mkono akaizima.

"Mimi nilikuwa na mdomo, mwanangu. Nilizaliwa nao. Yeye akisema moja, mimi jibu limeshafika, silitafuti, linakuja lenyewe. Nikijibu, anapiga. Akishapiga anakaa kwenye kochi, anatulia. Halafu namsikia anacheka peke yake kule sebuleni. Anasema, 'Mke wangu, hebu rudia ulivyosema.' Anachukua kalamu." Mama alipitisha ulimi upande wa shavu, pale palipokuwa na pengo ambalo Kitinda alilijua tangu utotoni na hakuwahi kulifikiria. "Alhamisi nalisikia lile lile kutoka nyumba za majirani, ukuta huu na ukuta ule, watu wanaanguka kwa kicheko. Hilo la viatu lilipotoka mara ya kwanza lilitokea hapa. Nilikuwa nimesimama pale ulipokaa."

Kitinda alisogea. Hakukusudia, mwili wenyewe ulisogea, kama sakafu imepata moto.

"Kaka..."

"Kaka yako alikuwa anatoka shule."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anagongesha kifuniko cha ndoo, na mama yake anamkataza.

"Alikuwa anachekesha," mama alisema. "Hilo silikatai. Siku nyingine alinichekesha hata mimi, mdomo umevimba. Hilo ndilo lililonitesa zaidi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na baba mmoja tu, wa kwenye televisheni. Nimuue huyo, nikupe nani?"

"Na sasa je? Si umemuua sasa! Mbele ya watu!" Kitinda aliinuka. Alishangaa kuona kwamba hasira haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekosa tu pa kwenda, sasa imepata. "Mtu alishakufa, mama. Ungemwacha alale. Ungeniachia mimi!"

"Yeye alikufa. Kile kicheko hakikufa. Kila nikija kazini kwako nakikuta kinaningoja mlangoni. Hujawahi kujiuliza kwa nini nikikuletea chakula nakuita nje?"

Kitinda alikuwa hajawahi kujiuliza. Alitaka kusema pole kwa yale ya redioni, yakamkwama. Akachukua mkoba wake, akatoka, akasahau kufunga mlango.

*

Saluni haikufunguliwa mpaka wiki ilipogeuka. Alipoifungua, televisheni ilikuwa kimya, na wateja wakaiulizia kabla ya kuuliza hali.

"Imeharibika," Kitinda alisema.

"Kwani kaka yako si fundi?" alishangaa mwalimu mstaafu. "Mwite aitengeneze. Bila Kidevu saluni hii ni kama hospitali."

Kitinda akainama kwenye nywele alizokuwa anasuka. Alikuwa ameenda kwa kaka yake siku iliyotangulia. Walikaa kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa anaitandikia nyaya, wakala mkate, na hakuna aliyelitaja lolote. Lakini alipotaka kuondoka kaka alimshika kichwani, kama anavyoshikwa mtoto aliyeanguka. Kwa mama alikuwa hajarudi. Alifika mpaka kwenye kona, akaona dirisha la jiko liko wazi, miguu ikakataa.

Wanawake walizungumza. Walizungumza juu ya yule mtu, yule msaliti aliyeishi ndani ya nyumba. Wengine walisema ni mfanyakazi wa zamani. Wengine walisema ni hawara. "Ulimwambia vizuri sana redioni," alisema mmoja aliyekuwa amesukwa nusu. "Mimi ningempata ningemmwagia maji ya moto."

"Basi nimwagie," ilisema sauti mlangoni.

Mama alikuwa amesimama kizingitini na kitambaa chake cha kichwani na viatu vyake vya raba. Alitazama juu ya kioo kwanza, akaona televisheni imezimwa, kisha akaingia. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona amevuka kile kizingiti.

"Mjane wa Kidevu!" mwalimu aliinuka na rola zake zote, mikono mbele. "Karibu, mama, pole na mitihani, hawa watu..."

"Ni mimi niliyesema, mwalimu. Hayo ya kwenye filamu. Nimeyasema kwa mdomo wangu."

Mikono ya mwalimu ilibaki hewani. Mtu aliangusha kitana. Yule aliyesukwa nusu alitazama huku na huku akitafuta anayecheka, asimwone.

"Lakini," mwalimu alisema polepole, kama anayemsahihisha mwanafunzi mzuri aliyekosea, "kama ni kweli, mbona hukusema wakati ule? Akiwa hai?"

"Mlikuwa mnacheka," mama alijibu. "Ningesema saa ngapi?"

Mwalimu alikaa. Alikaa pasipo kuangalia kiti kiko wapi, nusura akikose.

"Mimi siwezi," alisema yule aliyesukwa nusu, akavuta kanga yake kichwani, upande mmoja mistari, upande mwingine msitu. "Siwezi kukaa na mwanamke anayemvua nguo mume wake kaburini. Kitinda, mwanangu, ulisema kweli: ni mwongo na hana haya."

Macho yote yakamgeukia Kitinda. Alikuwa ameshika kifundo cha nywele bandia. Akakiweka chini.

"Mama yangu hakusema uongo," alisema. Kisha akarudia kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Aliyesema uongo redioni ni mimi. Sikujua, lakini ni mimi. Ukitaka kwenda, nenda. Upande ulioshasukwa sikudai."

Mwanamke akatoka. Wawili wengine wakakumbuka wana mambo nyumbani. Waliobaki walitazama mikono yao. Kisha kule mwisho, yule fundi mapazia akatoa kichwa chake ndani ya draya, uso umelowa jasho, akauondoa mkoba wake juu ya kiti cha pembeni na kukipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa, dada," alimwambia mama. "Hapa hapana joto sana."

Mama hakukaa pale. Alimshukuru, akamgusa bega, akaenda moja kwa moja kwenye sinki la kuoshea, akafungua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na nyembamba kuliko Kitinda alivyodhani. "Nioshe," alisema. "Mwenyewe mikono haifiki tena nyuma."

Kitinda alimlaza kichwa, akapima maji kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto mchanga, akamwagia. Vidole vyake vilivyozoea vichwa vya watu vilikwenda taratibu sana. Nyuma yao draya ilivuma. Alisugua, akasuuza, akasugua tena pasipo haja. Mwishowe akainama karibu na sikio la mama yake.

"Nisamehe yale ya redioni."

"Nilishakwambia lilitoka zuri."

"Mama. Mimi namkumbuka. Si wa kwenye televisheni, yeye mwenyewe. Alinibeba mabegani sokoni, nikamshika masikio, akawa ananiuliza twende kulia au kushoto, nami nayavuta masikio, naye anakwenda ninakotaka. Hiyo nayo si kweli?"

Mama alikuwa amefumba macho, maji yanamtiririka kwenye mikunjo ya shingo.

"Hiyo ni kweli," alisema. "Alikupenda sana. Ulikuwa bado hujajua kujibu."